Lida Aliyebisha kwa Gitaa

Siku ile uani kwa Bi Tatu, Majengo, tulikuwa sita. Bi Tatu mwenyewe, mwenye nyumba na mwenye wimbo, shangazi wa mume wangu Juma. Mimi, niliyeingia nyumba ile bibi harusi nikazeekea humo humo. Mwanahamisi, binti pekee wa Bi Tatu, aliyekuwa akitupigia ngoma harusini. Mama Syombua, Mkamba, mpangaji wa chumba cha mwisho, ambaye ndiye aliyetuletea huyu mtu kwa sababu yeye na mama wa huyo kijana walisali kanisa moja Ziwani. Mutiso, mpiga ngoma wa bendi. Na yeye mwenyewe, Lida. Mwanahamisi alikuwa akishikilia kwamba Mama Zuhura wa nyumba ya pili alikuwepo pia. Mimi nikitazama nyuma simwoni Mama Zuhura, ila kiti chake nakiona.

Jina lake Lida ninalo, na la baba yake ninalo. Lakini aliniambia, "Mathe, siku ukinihadithia, nitaje kwa kazi yangu tu." Tulimwita Lida kwa kuwa ndiye aliyeongoza bendi, na neno la Kiingereza la kiongozi vijana wa Ziwani walilitamka hivyo, nasi tukalichukua lilivyo. Alizaliwa wapi na ukoo gani, hayo nawaachia wenyewe.

Mimi majina hayanipotei. Kinachonipotea ni mambo yenyewe. Nitakutajia wapangaji wote wa nyumba ile chumba kwa chumba, lakini ukiniuliza siku hiyo mvua ilinyesha au la, nitakwambia ilinyesha, halafu nikilala nitakumbuka tulikuwa tumeanika mchele.

Alikuwa mtu wa kushtua macho. Nywele zimesimama kama kapu, suruali pana chini inafagia vumbi la Majengo lote, na viatu vya soli nene kama matofali. Wazee waliokaa barazani walikuwa wakimwona wanasema, "Huyo kapotea njia." Lakini akifika mlangoni kwetu alivua vile viatu na kuingia peku, na shikamoo yake ilianzia kwa mkubwa ikaenda kwa mdogo bila kuruka mtu. Sasa, akivua viatu alikuwa mfupi. Mfupi hasa. Mimi nilikuwa nikimwona kama watu wawili, mrefu wa barabarani na mfupi wa ndani, na mpaka leo nikimfikiria sijui ni yupi aliyetungwa na mwenzake.

Bendi ilianza kwa nyimbo za Wazungu. Zilikuwa za wale vijana wa ng'ambo wenye nywele ndefu, wanaopiga gitaa kama wanaligombeza. Walikuwa wakipiga Sosho, ule ukumbi wa mtaa, Jumapili mchana, na mchezo wenyewe uliitwa bugi. Nilikwenda mara moja na Juma tukasimama dirishani. Spika zilitikisa kioo. Ndani vijana wametoa macho, wanatikisa vichwa, na Lida mbele anapiga kelele kama mtu aliyefungiwa chooni.

Nikamuuliza Juma, "Wanampiga nani?"

"Hakuna anayepigwa. Anaimba mapenzi."

"Mapenzi gani hayo?"

Juma, ambaye alikuwa na kazi Industrial Area na alijua mambo ya mjini, alifikiri kidogo. "Ya Kizungu," akasema.

Siku zile kila mtaa ulikuwa na bendi, na bendi zote zilipiga nyimbo zile zile. Sasa namna alivyogeuka akaanza kutafuta nyimbo za kwetu, hapo ndipo kila mtu ana hadithi yake, na zote kazitoa yeye. Mimi aliniambia kwamba stima ilipotea Sosho bendi ikiwa juu, gitaa zikafa, watu wakapiga miluzi, halafu kutoka nyuma mwanamke mmoja, hakumwona uso, akaanzisha wimbo wa kwao wa kupura mtama na ukumbi mzima ukamwitikia gizani. Mama Syombua alimwambia ni mama yake aliyemkatalia kuingia nyumbani na gitaa mpaka aweze kupiga kitu anachokijua yeye mama. Mwanahamisi akaambiwa ni ndoto. Nilipomkabili alicheka. "Zote ni kweli, mathe. Ila si zote zilitokea." Mnielezee maana yake, maana mimi nimeshindwa.

Neno lake alilolirudia kila mara lilikuwa hili: stima ikipotea, wimbo ubaki. Akiwaambia wenzake kwenye mazoezi, alikuwa akiyachomoa hayo magitaa ukutani moja moja, anawaambia haya, imbeni sasa. Wimbo ukianguka, unaachwa. Nyimbo nyingi za Kizungu zilianguka hivyo, Mutiso alitueleza. Lida alizililia kweli, kwa sababu alizipenda.

Akawa anazunguka mitaani kuomba nyimbo, Kaloleni, Ziwani, Pumwani, popote penye mama mzee. Kwetu alikuja baada ya alasiri, anakaa kwenye kigoda cha mbuzi ya nazi, magoti yamefika masikioni. Hakuandika wala hakuwa na mashine ya kunasa sauti. Alikuwa anakuimbisha, na kukuimbisha, na kukuimbisha, mpaka wewe unachoka yeye ameushika. Maana hakuuliza. Aliimba Kikamba cha kwao, Kiswahili chetu, Kiluo, Kigiryama, na katika hizo mbili za mwisho hakuwa akijua hata kuomba maji.

Nikamuuliza, "Unaimba usichokijua?"

"Kwani mtoto hujua kwanza maana ya jina lake ndipo aitike, mathe?"

Nikaona ni jibu. Lakini mtu huyo huyo alikosana na Mutiso siku mbili hawasemezani kwa sababu Mutiso alivuta neno moja la Kiluo kupita kiasi, neno ambalo wote wawili hawakulijua. Hapo tena nikachanganyikiwa.

Wa kwanza kusikia wimbo wake umerudi na gitaa alikuwa Mama Syombua. Aliwapa wimbo wa kupanda mbegu, wa mama yake. Tulipelekwa mazoezini kuusikiliza. Ulianza polepole, gitaa moja linadondosha kama matone, mimi nikasema sawa, halafu Mutiso akaangusha ngoma zote pamoja na spika zikanguruma na Mama Syombua akanishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ukaisha. Lida akamjia, amelowa jasho.

"Mwaitu, umeonaje?" Ndivyo alivyomwita, mama kwa lugha yao.

Mama Syombua akaniachia mkono, akasema, "Ni kama kumwona marehemu mama amevaa suruali."

"Basi ni vibaya."

"Nimesema vibaya? Suruali ilimkaa."

Tukacheka wote ila Lida. Yeye alitaka jibu moja, na sisi wanawake wa uani hatukuwa na desturi ya kutoa jibu moja.

Nimtaje na vituko vyake vingine. Kelele hakuzipenda. Alikuwa akipiga na pamba masikioni, na mtoto akilia karibu yake alitoka nje. "Kelele za mtu mwingine zinaniumiza," alisema, "zangu nazijua." Mchana alikuwa kiwanda cha makopo, huenda ndiko masikio yalikoharibikia. Kucheza dansi hakujua kabisa. Aliwachezesha watu Nairobi nzima na yeye mwenyewe ukimwambia inuka anakuwa kama ngazi. Mpiga gitaa akichelewa mazoezini alisimamishwa nje dirishani apige kutoka huko huko, hata kwenye manyunyu. Halafu mtu huyo huyo Bi Tatu akimtuma kununua mkaa anakwenda, mwenye nywele zile na mkufu ule, anarudi amejitwika gunia.

Bi Tatu alimpenda. Hilo sina shaka nalo. Alimwita "kijana wangu mfupi", kwa kuwa hakuwahi kumwona na viatu.

Sasa wimbo wenyewe. Kwetu harusini, watu wa bwana harusi wakija kumchukua mke hukuta mlango umefungwa. Wanawake wao wanasimama nje juani wanabisha kwa wimbo: fungua, mama, fungua, jua limetuchoma. Wa ndani tunawajibu: jua si letu peke yetu, semeni mwataka nani. Wanasihi, tunawasumbua, mpaka mkubwa wa ndani aridhike. Akiridhika huitikia yeye mwenyewe, kwa sauti yake peke yake, na hapo komeo linatolewa. Asipoitikia, hata waimbe vipi, watakauka huko nje. Kwetu Majengo ile sauti ya ndani ilikuwa ya Bi Tatu, na kabla yake ya mama yake. Na katika kikundi chetu cha kuimba harusini ilikuwa hivyo hata bila harusi. Mgeni akitaka kuuchukua wimbo wa mlangoni, atauimba mbele ya mwenyewe. Mwenyewe akiitikia, amempa. Akinyamaza, hajampa. Hakuna maneno mengine.

Lida aliusikia harusi ya Rehema, mtoto wa jirani. Alikuwa nje, pamoja na wale wa bwana harusi, kwa hiyo aliusikia kutoka upande huo. Wiki ile ile akaja kwa Bi Tatu, magoti masikioni.

"Bi mkubwa, nipe ule wa mlango."

"Haupewi hivyo," Bi Tatu akamwambia. "Nenda kaufanyie hayo makelele yako. Kisha uje uniimbie hapa, nisikie."

Akaenda. Na kabla hajarudi kwetu wakauingiza kwenye sahani ya santuri. Mutiso alisema ni mwenye studio aliyeharakisha, Lida alitaka kungoja. Mwanahamisi alisema ni Lida. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba nilikuwa kwa fundi Omari napimwa gauni nikasikia redio inasema fungua, mama, fungua, kwa sauti ya kiume, na gitaa nyuma linagonga kama mtu anayepiga mlango wa bati kwa ngumi. Fundi Omari akaacha futi shingoni mwangu. "Huo si wenu?" akaniuliza. Nikasema ni wetu. Nikasikiliza, nikasema si wetu. Ulikuwa mzuri, jamani. Ulinipandisha vinyweleo. Ndani ya mwezi kila kibanda cha chai kilikuwa nao, na bendi ikaanza kuitwa hata nje ya Nairobi.

Ndipo akaja, siku ile niliyoanza nayo. Amebeba santuri ya betri, Mutiso amebeba sahani imefungwa kwenye shati ili isikwaruzwe. Bi Tatu alikuwa juu ya mkeka wake, amejiegemeza ukutani. Lida akavua viatu, akaamkia watu wote, kisha akabaki amesimama.

"Bi mkubwa, watu wanaupenda. Lakini wewe ukiukataa, siupigi tena. Nimemwapia mama yangu."

Mutiso akamtazama. Nadhani hilo la kiapo ndiyo kwanza alilisikia.

"Weka," Bi Tatu akasema.

Akaweka. Gitaa likagonga. Sauti ya Lida ikabisha: fungua, mama, fungua. Mwanahamisi, kwa mazoea, akafungua mdomo ajibu, na kabla hajatoa neno jibu likatoka kwenye santuri. Lida na Mutiso, wenyewe kwa wenyewe, wanasema jua si letu peke yetu. Mwanahamisi akafunga mdomo. Wakabisha tena, wakajijibu tena. Sote tukatazamana. Mama Syombua, ambaye hakuwa wa desturi yetu, ndiye aliyeninong'oneza, "Mbona wamesimama nje na wanajikaribisha?" Na Lida hakuliona hilo. Alisikia wimbo kutoka nje, akadhani ni wimbo mmoja. Alikuwa anamtazama Bi Tatu mdomoni, hapepesi.

Na mdomo wa Bi Tatu ulikwenda. Hapo ndipo. Mwishoni kabisa, pale mahali pa komeo, pale santuri ilipobaki na gitaa tupu, nilimwona midomo yake inakwenda. Sauti sikuisikia, spika ilikuwa juu. Lakini Bi Tatu alikuwa na tambuu mdomoni. Mwanamke yule alitafuna tambuu toka adhuhuri mpaka magharibi, midomo yake ilikwenda muda wote.

Sahani ikaisha, ikawa inakwaruza. Hakuna aliyeitoa. Bi Tatu akatema kwenye kopo lake, akainuka, akasema, "Mpeni kijana chai." Akaingia ndani kuswali alasiri.

Kwetu aliyekubaliwa hupewa chai. Na aliyekataliwa pia hupewa, asije akasema tulimtoa na kiu. Lida alikunywa yote, amesimama, akashukuru, akavaa viatu. Hakurudi tena uani kwetu Bi Tatu akiwa hai.

Na kweli hakuupiga tena. Mutiso alinihadithia walivyogombana Ziwani. Watu wanalipa kiingilio waje kusikia huo, na Lida anawapigia mwingine. Wanapiga kelele, "Mlango, mlango," yeye anageuza mgongo anarekebisha nyuzi.

"Buda, yule bibi hakusema hapana," Mutiso alimwambia.

"Hakusema ndiyo."

"Alitupa chai."

"Na mbwa hupewa maji."

Mutiso akaondoka, akaenda Mombasa na bendi ya hoteli. Wa gitaa kubwa akamfuata. Waliobaki wakapiga bugi mbili tatu, halafu bendi ikaisha bila mtu kutangaza, kama maji ya mfereji yanavyokatika, unashtukia tu.

Sasa mnishike hapa. Bi Tatu nilimuuliza mwenyewe, siku nyingi baadaye, tukichambua mchicha. Nikamwambia, Shangazi, wimbo wa yule kijana uliuitikia? Akasema, "Niitikie nini? Si walijijibu wenyewe?" Nikasema basi, umekwisha huo, alikataa. Haikupita wiki, nikamkuta jikoni anakoroga uji anauimba ule wimbo, na si wetu, ule wake Lida, kwa sababu kila baada ya mstari alikuwa anagonga mwiko kwenye sufuria pale gitaa linapogonga. Aliponiona hakunyamaza. Na kila Mama Syombua akirudi kanisani alimuuliza, "Kijana wangu mfupi haji siku hizi?" Mama Syombua alimfikishia salamu. Lida akajibu kwamba bibi ana adabu.

Bi Tatu alifariki, Mungu amrehemu, miaka ya themanini ikiwa imekwenda kwenda. Arobaini yake, mchana, watu wameshakula wali na kuondoka, nikatoka mlangoni nikamkuta Lida amesimama. Nywele amekata, zimeingia mvi. Viatu vyembamba vya kazini. Nilimjua kwa ufupi.

Nikamkaribisha, akavua viatu. Alikaa kwenye mkeka pamoja na wanaume, akanyanyua mikono walipoomba dua, na yeye si Mwislamu. Walipotawanyika akanijia uani. Alikuwa anafundisha kwaya ya kanisa lao Ziwani, akaniambia, gitaa lake yuko nalo, lina nyuzi nne.

"Mathe, ulikaa karibu naye siku ile."

"Nilikaa."

"Aliitikia?"

Nikamwambia kama nilivyowaambia nyinyi. Midomo ilikwenda. Nikaona uso wake unafunguka, na ningenyamaza hapo mambo yangekuwa mazuri. Lakini ilikuwa arobaini ya mwenyewe, nisingeweza kumsemea marehemu. Nikasema, "Ila alikuwa na tambuu."

Lida alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akafuta macho, akacheka tena, na mimi sikujua nicheke au nimshike mkono.

"Na wewe unaonaje?" akauliza.

"Naona aliitikia."

Akasubiri.

"Halafu nikifikiri tena," nikasema, "naona hakuitikia."

"Niimbie wewe, basi. Wewe ndiye wa ndani sasa."

Ni kweli, mimi ndiye niliyeachiwa ile sauti, maana Mwanahamisi alikuwa wa ngoma. Lakini nyumba ya msiba haiimbwi, na hata isingekuwa msiba, wimbo alimwekea Bi Tatu mbele, hakuniwekea mimi. Jibu la mtu haliwezi kutolewa na mwingine. Nilimwambia hivyo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei anayoijua.

"Ningewaacha wa ndani wajibu," akasema. "Nimelijua hilo nikifundisha kwaya. Lakini sikutaka kuupiga tena kabla ya kujua kama nimepewa."

Nikampa chai. Akainywa yote.

Bado yuko hai, Ziwani, masikio yameziba kabisa sasa. Wimbo ule wajukuu zangu wanausikia kwenye simu na kuucheza, wala hawajui ni wa nani, na yeye hajaupiga tangu siku ile. Kila Idi ananitumia salamu, na ndani ya salamu lile swali liko, hata asipoliandika.

Mwanahamisi amekufa akisema Bi Tatu hakuitikia. Mama Syombua alirudi kwao Ukambani akisema aliitikia, na kwamba alisikia sauti, lakini Mama Syombua alikuwa mtu wa kutaka kila mtu alale vizuri. Mutiso alikuwa ameinamia sahani. Basi kama ni kweli Mama Zuhura alikuwepo kwenye kile kiti, yeye angekuwa upande ule wa mdomo usio na tambuu, na wanawe mpo, sijui kama aliwahi kuwasimulia. Yeyote aliyesikia lolote aseme. Kama nimechanganya watu, au siku, au mvua na mchele, nisahihisheni. Ila anzeni kwa Lida, mpaze sauti. Mimi naweza kungoja.